Chumvi kwenye Plagi

Egya Bentsil alikuwa mtu wa kutembelewa na vitu vilivyoharibika. Kitu kizima hakikuwahi kumpigia hodi. Mwenye mashine ya boti inayokataa kuwaka alimjia mbio, hana muda wa kuuliza hali. Ikishawaka akaondoka mbio zaidi, maana samaki hawasubiri salamu. Na yule ambaye mashine yake ilikuwa nzima hakuwa na sababu ya kufika kabisa.

Ufundi aliupata ugenini, Pointe-Noire, alikokwenda kijana na wavuvi wenzake wa Kifante, akakaa miaka thelathini na mmoja. Alirudi Abakano, mji wake wa pwani, na sanduku la spana na kikohozi. Mkewe alisema angemfuata akishauza vyombo vya nyumba. Hiyo ilikuwa miaka minane iliyopita, na yaelekea vyombo vilikuwa vingi. Watoto wawili walimpigia simu kila Pasaka, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye anayepiga zaidi. Katika nyumba ya ukoo wa mama yake alikuwa na chumba, na wapwa zake walimheshimu kwa heshima ile ya kumwamkia mtu bila kuinuka. Kwa hiyo siku nzima alikaa ufuoni katika kibanda chake cha mabati, pamoja na meza ya vyuma, pipa la maji la kujaribia mashine, na benchi ambalo hakuna aliyelikalia kwa sababu ya grisi.

Jumatano moja ya Agosti, dagaa wakubwa wameshakaribia pwani na mji mzima umeshikwa na wazimu wa msimu, Nahodha Yamoah aliingia na mashine ya nguvu za farasi arobaini begani, watu wake wawili wakimshikilia kwa nyuma.

"Fundi, imekataa."

"Imekataaje?"

"Nimevuta kamba mpaka bega limeomba ruhusa. Vijana wamevuta mmoja mmoja. Hata mpishi kavuta."

"Na mpishi naye mnamtesa?"

"Ndiye mwenye mikono. Sisi wengine tuna vijiti."

Nyuma yao aliingia mwenye mashine. Maame Adwoba alikuwa amevaa kitambaa cheusi, mwezi wa sita tangu amzike mumewe, Egya Takyi. Mashine ilikuwa yake mwenyewe, ameinunua kwa samaki aliokausha kwa moshi miaka saba, na ushahidi wa hilo ulikuwa macho yake mekundu. Aliangalia benchi, akaangalia grisi, akatandika gunia, akakaa.

"Mama, ungerudi tu nyumbani," Egya Bentsil akamwambia. "Ikiwaka nitakuita."

"Nimekuja kukaa na mali yangu."

"Hapa hapaibwi kitu."

"Kila aliyeibiwa aliambiwa hivyo. Nyie mafundi mnatoa plagi nzima, mnatia maiti, halafu mnampa mtu pole."

Egya Bentsil alichomoa plagi mbili. Zilikuwa zimelowa. Akavuta kamba matundu yakiwa wazi, na maji yakaruka kutoka kwenye silinda kama mtu aliyepaliwa. Akasema alichosema kila fundi wa pwani ile tangu mafuta ya mchanganyiko yaanze kuletwa kwa pipa: mafuta yana maji. Wote wakaafiki, maana kuyalaumu mafuta ni jambo la adabu. Hayana ndugu wa kukasirika. Akamwaga tangi, akasafisha kabureta, akazipasha plagi juu ya makaa, akazirudisha. Mashine ikawaka mvuto wa pili, ikatikisa pipa zima. Saa mbili zilikuwa zimepita. Mitumbwi mingine ilishakuwa nukta baharini, na dagaa, jua likipanda, huzama chini. Yamoah alirudi jioni na samaki wa kuwatosha paka.

Alhamisi ikakataa tena. Ijumaa pia. Mafuta yalikuwa mapya, yamechujwa kwa kitambaa, na bado plagi zilitoka zimelowa. Kila asubuhi Maame Adwoba alikaa benchini na bakuli la uji wa mahindi wenye tangawizi. Siku ya kwanza alikula peke yake akimtazama mikono. Siku ya pili Egya Bentsil alisema, bila kumlenga mtu, kwamba uji unanukia. Siku ya tatu mabakuli yakawa mawili, na bagia za kunde juu.

"Usidhani nimekupenda," Maame Adwoba akamwambia. "Mtu mwenye njaa hufunga nati kwa hasira."

Jumamosi, Egya Bentsil alipochomoa plagi, hakuifuta. Aliipeleka mdomoni akailamba.

Maame Adwoba aliacha kutafuna. "Egya Bentsil. Hali imefika huko?"

"Ina chumvi."

"Basi itie kwenye mchuzi."

"Mafuta yanaweza kuwa na maji, mama, lakini hakuna mtu anayeyatia chumvi. Haya ni maji ya bahari. Yameingia kupitia mguu." Akaupiga mguu wa mashine, lile bomba refu linaloshuka hadi kwenye propela. "Ikitoka baharini hubaki na maji humu ndani. Ikisimama wima, yanatoka yenyewe. Inalala wapi?"

"Kwangu. Chumbani."

Hilo halikuwa jibu la ajabu. Watu wa Abakano wanaaminiana kwa kila kitu isipokuwa mashine. Mtumbwi hulala mchangani, nyavu hulala ndani ya mtumbwi, lakini mashine huenda nyumbani na mwenyewe.

"Inalalaje?"

"Inalala kama kila mtu."

Alasiri ile, mashine iliporudishwa mapema na kulazwa, Egya Bentsil alimfuata nyumbani. Tangu msiba, ukiacha ndugu wa marehemu, hakuna mwanamume aliyevuka kizingiti cha chumba kile. Hata Yamoah na watu wake, tangu mtumbwi uanze kutoka tena wiki ile kwa mara ya kwanza baada ya msiba, waliishusha mashine mlangoni kila jioni wakaondoka, naye akaiburuta ndani mwenyewe. Maame Adwoba alifikiri kidogo, akaamua kwamba fundi ni kama daktari, haingii kama mwanamume. Egya Bentsil hakujua kama ashukuru.

Chumba kilikuwa na nafasi nyingi. Kwenye saruji zilionekana alama nne mahali palipokuwa na kitanda.

"Ndugu zake walikuja baada ya arobaini," akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia hali ya hewa. "Walichukua kitanda, redio, na kile kiegemeo cha mbao tulichokuwa tunasimamishia mashine. Alikichonga mwenyewe, kwa hiyo ni cha ukoo wao. Mashine waliizunguka mara mbili. Nikawaambia waiguse."

"Wakaigusa?"

"Wana akili kidogo, lakini wanayo."

Chini, juu ya mkeka, mashine ililala chali, imefunikwa kitenge hadi shingoni. Mguu wake umeinuliwa, na propela imewekwa juu ya stuli, juu ya mto mdogo. Egya Bentsil aliitazama kwa muda. Katika miaka yake karibu arobaini ya kazi alikwisha kuona mashine zimezikwa mchangani, zimefungwa kwenye mti, moja imewekwa kwenye kitanda cha mtoto. Hii hakuwahi.

"Hii stuli ni ya nini, mama?"

"Ya miguu." Akanyoosha kona ya kitenge. "Miezi minne ya mwisho alikataa kitanda, akawa analala hapo chini, saruji ilikuwa inampoza. Miguu ilimvimba. Nesi akasema tuiweke juu, maji yashuke."

"Na mashine?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini nyumba ina mlango. "Si ndiyo inayolala hapo sasa."

Ushauri wa nesi ulikuwa sahihi kabisa. Maji yalishuka. Kila usiku yalitoka mguuni, yakateremka taratibu mpaka kwenye silinda, yakakaa humo kungoja asubuhi. Egya Bentsil alijua pale pale, kama unavyojua jina lako ukiitwa. Palihitajika maneno mawili: shusha miguu.

Akasema, "Nitaangalia tena kabureta."

Njiani alijieleza kwa nini. Huwezi kumwambia mjane ashushe miguu ya mumewe mchana kweupe, huku ameshika kitenge. Jambo hilo lilihitaji siku yake, na maneno yake. Ilikuwa sababu nzuri, naye aliiweka juu, kama muuza nyanya anavyopanga zile nzuri juu ya fungu. Ya chini yake hakuigusa.

Ya chini ilikuwa hivi: ikipona, haitakuja.

Basi mashine ikaendelea kulala miguu juu, na Egya Bentsil akaendelea kuitibu kila asubuhi kwa ugonjwa ambao hakuwa anautibu. Alimwaga maji, akakausha plagi, akapaka mafuta ndani ya silinda ili chumvi isizile, kwa uangalifu wa mtu mwenye hatia. Hakuna mashine Abakano iliyohudumiwa vizuri kama ile. Ilichelewa tu.

Wakati wa kukausha plagi walizungumza. Maame Adwoba alijua nani mjini anamdanganya nani, na aliyapanga mambo hayo kwa utaratibu, mtaa kwa mtaa, kama mchukua sensa. Alimwuliza habari za Pointe-Noire, na Egya Bentsil akagundua kwamba ana hadithi. Miaka minane alidhani ana kikohozi tu. Alimweleza juu ya mke wake na vyombo.

"Vyombo gani hivyo, vya hoteli?" akauliza.

"Sufuria sita na kabati."

"Basi anauza kijiko kimoja kimoja."

Egya Bentsil alicheka mpaka akakohoa, naye akampa maji. Jumanne ilipofika, siku ambayo hakuna mtumbwi unaogusa bahari, kwa kuwa Jumanne ni ya bahari yenyewe, mashine haikuletwa na Maame Adwoba hakuja. Egya Bentsil aliipanga misumari kwa ukubwa. Halafu akaipanga kwa kutu. Jumanne ile ilikuwa ndefu sana. Jumatano, mashine ilipoingia imekataa, alijikuta ameshatoa gunia na kulitandika. Alhamisi alikwangua grisi kwenye benchi kwa petroli. Ijumaa alinyoa ndevu.

Yamoah aliingia, akamwangalia kidevu. "Fundi umenyoa. Nani kafa?"

Siku za mwizi ni arobaini. Za fundi zilikuwa chache zaidi. Jumatatu asubuhi Yamoah aliitua mashine, akawaambia watu wake watoke nje, akavua kofia. Nahodha akivua kofia mbele ya mwenye mashine, habari si njema.

"Mama Adwoba, mimi nimekula kwako miaka kumi na mmoja. Mzee alinifundisha bahari nikiwa sijui hata kutapika vizuri. Kwa hiyo nakwambia mimi, usiambiwe na mtu wa njiani."

"Sema, mwanangu."

"Jumatano ikikataa, tunahama. Kuna mtumbwi upande wa kanisani unatafuta watu kumi, na sisi tuko kumi. Msimu unaisha. Nyumbani kwangu sasa wananiangalia kama wanavyoiangalia hii mashine."

Maame Adwoba hakubishana. "Una haki," akasema. Yamoah akavaa kofia, akatoka nje kungoja. Egya Bentsil alikuwa ameshika plagi juu ya makaa, akaishikilia mpaka ikamwunguza vidole.

"Mtumbwi usio na watu ni kuni," Maame Adwoba akasema. Uji wake ulikuwa haujaguswa. "Egya Bentsil, wewe si mtu wa maneno matamu, ndiyo maana nakuuliza. Imekufa? Ukiniambia imekufa, kesho nawaita watu wa vyuma chakavu wapime kwa kilo."

"Haijafa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi ina nini?"

Mlangoni palikuwa na kichwa cha Yamoah kikichungulia kama imewaka. Egya Bentsil alirudisha plagi, akavuta kamba. Ikawaka. Wakaibeba wakaondoka nayo, naye Maame Adwoba akafuata, na swali likabaki pale benchini na bakuli lililojaa.

Jumanne, bahari ikiwa imepumzika, Egya Bentsil alitafuta ubao wa mtumbwi wa zamani, mgumu kama deni la ukoo, akaukata. Alichonga miguu miwili iliyosimama kama herufi ya A, akaweka ubao wa kukaza katikati na mwingine mnene juu, wa kubania shingo ya mashine. Alitaka akimaliza aupeleke jioni, auweke mlangoni, na maneno aliyokuwa nayo yapungue kwa kuwa na kitu mkononi. Hakumtegemea mtu yeyote. Kwa hiyo kivuli kilipoingia mlangoni, aliinuka na msumeno.

Alikuwa Maame Adwoba, na mabakuli mawili.

"Leo Jumanne," Egya Bentsil akasema.

"Najua siku za wiki. Nilipika, nikakuta nimepika kwa wawili." Akampa bakuli lake, akakaa. "Unachonga nini? Jeneza la mbuzi?"

"Kiegemeo chako."

Aliacha kutabasamu, akakitazama kiegemeo, akamtazama yeye. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki miaka thelathini. Hesabu zake zilikuwa za haraka.

"Ni kulala," Egya Bentsil akasema. "Haitakiwi kulala kichwa chini. Ukiinua mguu, maji yanaingia kwenye silinda. Ikisimama hapa usiku kucha, asubuhi itawaka. Hakuna kingine. Haina ugonjwa."

"Stuli."

"Stuli, ndiyo."

Nje, mtu alikuwa anaimba huku akishona wavu, anaimba mstari mmoja tu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

Angeweza kusema ya juzi. "Ile ya kwanza. Nilipoingia chumbani."

"Leo ni siku ya kumi."

"Niliogopa, mama. Nitakuambiaje ushushe miguu ya mume wako?"

Maame Adwoba alilifikiria hilo kwa haki, kama anavyopima samaki wa mtu mwingine. "Hiyo ni sababu ya siku moja," akasema. "Hata mbili, kwa kuwa wewe ni mwanamume. Hizo nyingine?"

Egya Bentsil alitazama mikono yake. Lugha tatu alizokusanya ugenini hazikumpa msaada wowote.

"Uji," akasema.

Maame Adwoba hakucheka, wala hakukasirika kwa sauti. Ingekuwa nafuu. "Watu kumi," akasema, "wamerudi na samaki wa paka siku zote hizi. Yamoah amenivulia kofia. Jana nimekaa hapa nakuuliza kama imekufa." Akainuka. "Ungesema unataka uji, ningekuletea uji. Huu wa leo umeletwa na nini, na mashine?"

Maame Adwoba akachukua bakuli lake, akachukua na lile la Egya Bentsil, likiwa limeliwa nusu, akalimwaga mchangani, akayabeba pamoja. Halafu akakunja kata ya kitambaa, akaiweka kichwani.

"Nitwike hicho."

"Ni kizito, mama, nitakuletea."

"Nitwike."

Akamtwika. Alikwenda nacho ufuo wote, miguu ya kiegemeo ikiwa imetazama mbinguni, mabakuli mkononi, wala hakugeuka.

Jumatano, kabla jua halijatoka, Egya Bentsil alikuwa kibandani, mlango wazi. Makaa hakuyawasha. Alisikia watu wakisukuma mitumbwi kwa wimbo wao wa kusukumia, kisha mashine moja moja zikianza. Fundi hujua mashine kama mama ajuavyo kilio cha wanawe, na ile ya farasi arobaini aliisubiri. Kukawa kimya kidogo. Mtu ameshika kamba. Mvuto mmoja. Ikawaka, safi, bila kukohoa, ikaenda ikipungua sauti pamoja na nyingine, mpaka asiweze tena kuitenga. Vijana wa Yamoah walishangilia kidogo. Hakuna aliyekuja kumwambia, kwa kuwa hapakuwa na la kumwambia, ilikuwa nzima.

Aliendelea kukaa. Saa tatu alikumbuka kwamba hajala.

Mitumbwi ilirudi alasiri. Ule wa Maame Adwoba ulikuwa umezama mpaka karibu na ukingo kwa uzito, na kelele za wachuuzi zilifika hadi kibandani. Baadaye Yamoah alikuja, magamba mpaka kwenye nyusi, na beseni kubwa la dagaa kichwani.

"Mama kasema hawa ni wa fundi."

"Mwambie nashukuru. Plagi zilikuwaje?"

"Kavu kama mate ya mchungaji mwisho wa ibada. Ulifanya nini, fundi?"

"Nilibadilisha inavyolala."

"Hicho tu?"

"Hicho tu."

Yamoah alitikisa kichwa kwa kustaajabia elimu. Egya Bentsil akanyoosha mikono kupokea beseni alitie kivulini. Abakano, beseni la samaki wa zawadi halirudi siku hiyo. Huachwa. Aliyepewa huliosha, na baada ya siku mbili au tatu hulipeleka mwenyewe, haliendi tupu, na huko hukaribishwa akae, wakaulizana habari mpaka watu wachoke. Kwa hiyo alilishika, na tayari alikuwa anafikiria atie nini ndani yake.

Yamoah hakuliachia.

"Samahani, fundi," akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana hajui aangalie wapi. "Kasema nisirudi bila beseni."

Egya Bentsil aliangaza kibandani. Hakuwa na chombo cha kutosha. Akachukua mfuniko wa pipa, akaufuta kwa kiganja, na Yamoah akainamisha beseni; dagaa wakateleza wote kwa pamoja, wakametameta, wengine wakaanguka mchangani. Yamoah akalisuuza beseni kwenye pipa, akalivaa kichwani kama kofia ili mikono iwe huru, akaaga, akaenda.

Walikuwa wengi sana kwa mtu mmoja. Egya Bentsil akawaokota wale wa mchangani, mmoja mmoja, kisha akatafuta kisu.